Uyoga wa Miombo: Mavuno Yanayotegemea Mti Uliosimama

Uyoga unaoonekana juu ya ardhi ni sehemu ndogo tu ya kiumbe chenyewe. Kiumbe kamili kiko chini, ndani ya udongo, ndani ya gogo linalooza au ndani ya kichuguu, kikiwa utando wa nyuzi nyembamba mno unaoweza kuishi miaka mingi bila jicho la mtu kuuona. Utando huo ndio kuvu. Hujilisha, hutambaa na kuvumilia kiangazi huko huko chini. Mvua ikinyesha na joto likikubali, huchomoza uyoga kwa siku chache ili utawanye spora, yaani chembe za uzazi zilizo laini kuliko vumbi. Uyoga mmoja uliokomaa hutoa spora kwa mamilioni. Nyingi hupotea, na chache sana huangukia mahali panapoziwezesha kuota.

Kuvu si mmea wala mnyama. Haina rangi ya kijani ya kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo hulazimika kukitafuta kwa wengine: kwa kuozesha mabaki, kwa kushirikiana na kiumbe hai, au kwa kumnyonya. Njia ya kupata chakula ndiyo inayoamua uyoga gani utaota wapi, na ndiyo inayoamua pia namna ya kuuvuna bila kuumaliza. Anayetaka kujua kama uyoga wa porini utaendelea kuwapo hana budi kutazama zaidi ya uyoga wenyewe: mti, mchwa, udongo na moto.

Misitu ya miombo

Katika Afrika Mashariki na Kusini, hazina kubwa ya uyoga wa kuliwa imo katika misitu ya miombo. Ni misitu ya miti isiyosongamana sana, inayopukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua majani mekundu kabla mvua haijaanza. Imeenea kutoka Angola, kupitia Zambia na kusini mwa Kongo, hadi Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Tanzania. Makadirio yanayotajwa sana yanasema ukanda wake wa asili ulifikia kilomita za mraba milioni 2.7. Nchini Tanzania, miombo imetawala Tabora, Katavi, Kigoma, Rukwa na Songwe upande wa magharibi, pamoja na sehemu kubwa za Iringa, Morogoro, Ruvuma, Lindi na Mtwara. Burundi ina kipande chake karibu na Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika pwani ya Kenya, msitu wa Arabuko-Sokoke una ukanda wa mirihi, mti ambao ni wa jamii hiyo hiyo.

Miti inayotawala miombo ni ya jenasi tatu: Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Baadhi ya wenyeji wanaijua kwa majina kama myombo, mtundu na muba. Pamoja nayo hustawi mikusu, ambayo matunda yake huliwa na kuuzwa barabarani. Udongo wa maeneo haya kwa sehemu kubwa ni wa zamani na umechoka. Fosforasi na naitrojeni ni haba. Mtu angeweza kujiuliza miti mikubwa kiasi hicho inapata wapi virutubisho vya kutosha. Jibu liko kwenye ncha za mizizi yake.

Ushirika wa kuvu na mizizi

Nyuzi za kuvu huizunguka ncha ya mzizi wa mti na kuivika kama soksi, kisha huingia katikati ya seli za ganda la nje la mzizi bila kuzitoboa. Ushirika huo huitwa mikoriza. Kuvu hutawanya nyuzi zake mbali kupita mzizi wenyewe unapoweza kufika, ikafyonza maji, fosforasi na naitrojeni na kuupelekea mti. Mti nao huilipa kuvu kwa sukari iliyotengenezwa kwenye majani. Kila upande unampa mwenzake kile asichoweza kukipata vizuri peke yake.

Mwaka 1982, mwanasayansi Peter Högberg wa Sweden alichapisha uchunguzi wake wa mizizi ya miti ya Tanzania, na miaka minne baadaye, akishirikiana na Graham Piearce, akatoa uchunguzi kama huo kutoka Zambia. Kazi hizo zilionyesha kwamba miti inayotawala miombo, pamoja na mikusu, ina mikoriza ya aina hiyo inayofunika mzizi. Lakini si kila mti uko hivyo: mninga, kwa mfano, ingawa unaota katika misitu hiyo hiyo, una ushirika na kuvu za kundi jingine ambazo hazitoi uyoga kabisa. Ndiyo maana mchumaji mzoefu hatafuti uyoga chini ya kila mti. Hufuata mitundu, miyombo na mikusu, hata kama hajawahi kusikia neno mikoriza.

Uyoga wa kundi hili linaloshirikiana na miti ni wa namna nyingi. Kuna jamii ya Cantharellus, yenye umbo la faneli na rangi ya manjano au ya chungwa, ambayo chini ya kofia ina mikunjo minene badala ya kuta nyembamba. Kuna Lactarius na Lactifluus, ambazo zikivunjwa hutoa utomvu kama maziwa. Kuna Russula, zenye shina linalokatika kwa urahisi kama chaki, na kofia nyekundu, za zambarau, za kijani au nyeupe. Kuna pia Amanita zinazoliwa, maarufu zaidi ikiwa ile ambayo Wabemba wa Zambia huiita tente na wanasayansi sasa huiita Amanita loosei. Jamii hii ya mwisho inahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa ndani yake mna ndugu wanaoua.

Jambo moja linaunganisha aina zote hizo: hakuna aliyefanikiwa kuzilima shambani kama zinavyolimwa mboga. Zinamtegemea mti hai. Mti ukikatwa na mizizi yake ikafa, kuvu hukosa sukari na uyoga hauonekani tena mahali hapo.

Bustani ya mchwa

Kundi la pili halitegemei mti bali mchwa. Ni uyoga wa jenasi Termitomyces, ambao watu wengi huuita uyoga wa kichuguu. Mchwa wa kundi la Macrotermitinae, wajenzi wa vichuguu vikubwa vya Afrika, hukusanya nyasi kavu, majani na vijiti, wakavila, na kwa kinyesi chao chenye mabaki hayo hujenga ndani ya kichuguu masega laini yenye vishimo vingi. Juu ya masega hayo ndipo kuvu huota. Huvunja zile sehemu ngumu za mimea ambazo tumbo la mchwa haliziwezi, na kuzaa vifundo vidogo vyeupe vinavyoliwa na vibarua. Sega lililozeeka nalo huliwa. Mchwa hulinda joto na unyevu wa bustani yao na kuzuia kuvu nyingine zisiivamie.

Ushirika huu ni wa kale mno, na ushahidi wake mmoja mkubwa umetoka Tanzania. Mwaka 2016, kundi la wanasayansi lililoongozwa na Eric Roberts lilitangaza kugundua, katika miamba ya bonde la ufa la Rukwa, masega ya kuvu ya mchwa yaliyogeuka mawe yenye umri wa miaka milioni 25. Mchwa walikuwa wakulima muda mrefu mno kabla binadamu hajatokea duniani.

Mvua zinapoanza, kuvu iliyo kwenye masega husukuma juu shina refu mfano wa mzizi, linalopenya udongo mpaka nje, na hapo kofia hufunguka. Uyoga wa aina hii hutofautiana mno kwa ukubwa. Termitomyces titanicus, ulioelezwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, unaweza kuwa na kofia yenye upana unaokaribia mita moja. Mmoja tu hutosha kulisha familia. Termitomyces microcarpus ni mdogo kama kifungo cha shati, lakini huota kwa mamia mahali pamoja, kwa sababu mchwa hutoa vipande vya masega na kuvitandaza juu ya ardhi. Singida imeipa sayansi aina yake: Termitomyces singidensis, iliyoelezwa mwaka 1994.

Namna kuvu inavyofika kwenye kichuguu kipya ni jambo la kuzingatiwa na kila mchumaji. Kwa jamii nyingi za mchwa hawa, mfalme na malkia wanaoruka kama kumbikumbi hawabebi kuvu. Wakishaanzisha makazi, vibarua wao wa kwanza hutoka kutafuta chakula na kurudi na spora zilizoangushwa na uyoga wa vichuguu vingine. Spora hizo ndizo huanzisha bustani mpya. Bila uyoga uliofunguka karibu, kichuguu kipya kinaweza kukosa kuvu, na mchwa wake hawatasitawi.

Waozeshaji wa magogo na majani

Kundi la tatu ni la kuvu zinazojilisha kwa kuozesha vitu vilivyokufa. Auricularia, laini na wenye umbo la sikio, huota kwenye magogo yenye unyevu. Jamii ya Pleurotus, ambayo ndugu zake wanaolimwa Tanzania hujulikana kama uyoga mamama, huota kwenye mashina yaliyokufa. Schizophyllum commune, mdogo na mgumu kama ngozi, huliwa baada ya kupikwa muda mrefu. Kundi hili ndilo linalolimika kwa urahisi kwenye pumba, mabua au vumbi la mbao, na ndilo linaloshamiri zaidi pale msitu unapobakizwa na magogo yake yaliyoanguka. Kuokota kila kijiti kikavu kwa ajili ya kuni kunaipunguzia kuvu hii chakula, na pia kunaipunguzia ardhi rutuba ambayo ingetokana na kuoza kwa mti.

Msimu na umuhimu wake

Miombo mingi hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Uyoga wa kichuguu aghalabu hutangulia, majuma machache baada ya mvua za kwanza. Uyoga unaoshirikiana na miti huongezeka Desemba, Januari na Februari, udongo ukiwa umelowa barabara. Mvua ikikatika katikati ya msimu, uyoga nao hukatika, ikirejea, hurejea. Kwa sababu hiyo mavuno hutofautiana sana mwaka hadi mwaka, na mwaka mmoja mbaya si ushahidi kwamba uyoga umemalizwa.

Miezi hiyo ndiyo pia miezi ya njaa vijijini: maghala yanaelekea kwisha na mahindi ya shambani hayajakomaa. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, lakini ukikaushwa, sehemu inayobaki ina protini nyingi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 35 ya uzito wake, pamoja na nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B. Ukiungwa kwa karanga, au kwa tui la nazi kwa watu wa pwani, huliwa na ugali badala ya nyama. Wachumaji wengi ni wanawake na watoto. Kinachobaki baada ya mlo wa nyumbani hupangwa mafungu kando ya barabara, au hupimwa kwa sado na ndoo. Fedha hiyo hununua chumvi, sabuni na daftari za shule wakati ambapo hakuna zao jingine la kuuza.

Ujuzi unaowezesha haya yote umehifadhiwa kwa mdomo. Katika miaka ya 1990, Marja Härkönen wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake, akiwamo Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kwa wanavijiji wa mikoa mbalimbali ya Tanzania kujifunza majina na matumizi ya uyoga. Baadhi ya aina zilizokuwa zikiliwa tangu zamani zilikuwa bado hazijaingia katika orodha ya sayansi; Amanita tanzanica na Amanita masasiensis zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Mwaka 2003 kitabu cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania kilichapishwa. Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameendeleza utafiti wa uyoga wa nchi, ukiwamo wa kichuguu. Nchini Burundi, kitabu cha Bart Buyck kuhusu uyoga wa magharibi ya nchi hiyo kilitoka mwaka 1994, na katika Haut-Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mtaa, uyoga wa miombo ya Lubumbashi nao umeandikiwa kitabu.

Je, kuchuma humaliza uyoga?

Kuchuma embe hakuui mwembe, na kuchuma uyoga, vivyo hivyo, hakuui kuvu iliyo chini. Jambo hili limepimwa. Katika msitu wa La Chanéaz nchini Uswisi, wanasayansi walihesabu uyoga kuanzia mwaka 1975 hadi 2003 katika vipande vya msitu vya namna tatu: ambako uyoga uling'olewa, ambako ulikatwa kwa kisu, na ambako haukuguswa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, hayakuonyesha kwamba uchumaji wa muda wote huo ulipunguza idadi wala aina za uyoga, na kung'oa hakukutofautiana na kukata. Kilichopunguza uyoga ni kukanyagwa kwa ardhi: palipokanyagwa mara kwa mara uyoga mchache zaidi ulichomoza. Utafiti ulioanza mwaka 1986 huko Oregon, Marekani, kuhusu uyoga wa Cantharellus, ulifikia jibu linalofanana na hilo.

Utafiti mwingine wa Oregon, uliohusu uyoga wa matsutake unaouzwa ghali Japani, ulionyesha upande wa pili. Pale wachumaji walipofukua kwa reki mpaka kwenye udongo na kuacha shimo wazi bila kurudishia majani, mavuno yalishuka kwa miaka kadhaa. Palipochumwa kwa mkono, kwa upole, hapakuwa na hasara ya namna hiyo.

Misitu hiyo ni ya nchi za baridi, lakini kuvu zake zinaishi kwa kanuni ile ile ya mikoriza inayoendesha miombo. Somo lake ni wazi: mkono unaochuma kwa adabu hauna madhara makubwa, kinachodhuru ni kuvuruga udongo na utando uliomo ndani yake.

Adabu ya kuchuma

Kutokana na hayo, mwenendo mzuri wa mchumaji unaweza kuelezwa kwa utaratibu.

Kwanza, uyoga mchanga ambao kofia yake haijafunguka uachwe ukue. Haujatoa spora hata moja, uzito wake ni mdogo, na alama za kuutambulisha bado hazijatokea vizuri, jambo linaloongeza hatari ya kuuchanganya na wenye sumu.

Pili, uyoga uliozeeka, uliolainika au ulioingiwa na funza uachwe mahali pake. Haufai kwa chakula, lakini bado unatawanya spora. Kwa uyoga wa kichuguu, kuacha kofia chache zilizofunguka kwenye kila kichuguu ni kuvipa mbegu vichuguu vya miaka ijayo.

Tatu, uyoga uchumwe kwa kuuzungusha taratibu na kuuinua, au kwa kuukata. Asiyeujua vizuri auinue mzima, kwa maana kitako cha shina ndicho hubeba alama ya hatari. Shimo dogo lililobaki lifukiwe na majani yarudishwe. Kwa uyoga wa kichuguu, mchumaji asifukue kufuata shina lake chini. Kinacholiwa kiko juu, na masega yaliyo chini ni uhai wa mchwa na wa uyoga wa mwaka unaofuata.

Nne, majani yaliyooza yasifagiliwe kutafuta uyoga uliofichika. Tabaka hilo ndilo linalohifadhi unyevu na nyuzi za kuvu.

Tano, uyoga ubebwe kwenye kikapu au tenga, usifungwe ndani ya plastiki. Ukikosa hewa hupata joto, hutoa maji na kuanza kuoza, na hata uyoga mzuri ukioza hudhuru tumbo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na kwa mchumaji wa uyoga kikapu kilikuwa bora hata kabla ya hapo.

Sita, uyoga usichumwe karibu na mashapo ya migodi, viwanda vya kuyeyusha madini, barabara kuu zenye magari mengi au mashamba yaliyopuliziwa dawa. Kuvu ina tabia ya kufyonza na kulimbikiza metali nzito.

Kinachomaliza uyoga kwa kweli

Maadamu kuchuma si tatizo kuu, macho yanapaswa kuelekezwa kwenye shoka. Miombo inakatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni. Katika Tabora, pamoja na wilaya kama Urambo, ukaushaji wa tumbaku kwa moto umekula miti mingi kwa miongo kadhaa. Mkaa wa mijini hutoka kwa sehemu kubwa kwenye miti hiyo hiyo ya Brachystegia na Julbernardia. Hata asali ina gharama pale mizinga inapotengenezwa kwa magome, kwa kuwa mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Mzinga wa mbao hauna hasara hiyo.

Hata hivyo, kukata na kuua si jambo moja. Miti ya miombo ina uwezo mkubwa wa kuchipua kutoka kwenye visiki na mizizi. Kisiki kikiachwa hai, mizizi huendelea kulisha sehemu ya kuvu, na msitu unaochipua unaweza kurudisha uyoga wake. Kisiki kikichimbuliwa, ardhi ikalimwa kwa trekta miaka kadhaa mfululizo, mizizi hufa na kuvu zake hufa nayo. Kwa hiyo kuvuna miti kwa zamu, kwa vipande vidogo, visiki vikiachwa na mifugo ikizuiwa mpaka machipukizi yakue, kunapatanisha mahitaji ya nishati na uhai wa uyoga. Wilayani Kilosa, vijiji vimejaribu uvunaji wa mkaa wa namna hiyo katika misitu yao tangu muongo wa 2010.

Kubadilisha miombo kuwa shamba la misonobari au mikaratusi hakurudishi uyoga uliopotea. Kuvu za mikoriza huchagua mwenzi. Misonobari huja na kuvu zake kutoka ughaibuni, zikiwamo za jamii ya Suillus, lakini uyoga wa mtundu na wa mkusu haumfuati mgeni. Kilima kinaweza kuonekana kijani kutoka mbali na bado kikawa kimepoteza chakula chake cha masika.

Moto ni jambo la pili. Mwaka 1933 jaribio la muda mrefu lilianzishwa Ndola, Zambia, likilinganisha miombo isiyochomwa, iliyochomwa mapema kiangazi na iliyochomwa mwishoni mwa kiangazi. Matokeo aliyochapisha C. G. Trapnell mwaka 1959 yalionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi, unaowaka kwa ukali nyasi zikiwa zimekauka kabisa, uliangamiza sehemu kubwa ya miti mikubwa na kugeuza msitu kuwa nyika ya nyasi. Moto wa mapema, wa Mei au Juni, huwaka kwa upole na kuacha mabaka yasiyoungua. Kwa uyoga tofauti hiyo ni kubwa: moto mkali huunguza tabaka la majani, hukausha udongo wa juu na hatimaye huondoa mti mwenyeji.

Jambo la tatu ni kuvunjwa kwa vichuguu. Udongo wa kichuguu hushikana vizuri, na katika vijiji vingi huchukuliwa kwa kufyatulia matofali na kukandika nyumba. Vichuguu vingine husawazishwa ili trekta lipite. Kichuguu kilichohamwa na mchwa kinaweza kutumiwa bila hasara kubwa. Kilicho hai ni shamba la uyoga linalojilima bila mbolea wala jembe, tena kinaongeza rutuba kwenye ardhi inayokizunguka.

Juu ya hayo yote kuna mabadiliko ya mvua. Mvua zinazochelewa na kukatika zinafupisha msimu. Msitu wenye kivuli na tabaka nene la majani huhifadhi unyevu kwa muda mrefu kuliko msitu ulioachwa wazi, hivyo kuulinda ni kujikinga pia dhidi ya miaka mibaya.

Sumu na usalama

Uvunaji hauwezi kuitwa endelevu ikiwa unapoteza maisha ya watu. Kila msimu wa masika kuna familia zinazodhurika kwa kula uyoga usiojulikana, na walio hatarini zaidi ni watoto na watu waliohamia mahali papya wakidhani uyoga unaofanana na wa kwao ni ule ule.

Sumu mbaya kuliko zote ni ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita. Haina ladha mbaya, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha. Dalili huchelewa, kwa kawaida kati ya saa 6 na 24 baada ya mlo: kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo. Kisha mgonjwa hupata nafuu ya uongo ya siku moja au zaidi, huku ini likiendelea kuharibika. Uyoga mwingine unaodanganya wengi ni Chlorophyllum molybdites, mweupe na mkubwa, unaoota kwenye nyasi za bustani na viwanja. Ukikomaa, kuta za chini ya kofia hugeuka kijani. Huleta kutapika na kuhara vikali ndani ya saa chache.

Imani kadhaa zinazosambaa ni za hatari na zinapaswa kuachwa. Si kweli kwamba uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama kwa binadamu. Si kweli kwamba kitunguu saumu, mchele au kijiko cha fedha hubadilika rangi kikipikwa na uyoga wenye sumu. Si kweli kwamba kila uyoga mweupe ni mzuri au kila mwekundu ni mbaya. Njia moja tu inaaminika: kuujua uyoga kwa jina lake na kwa alama zake zote, kwa kufundishwa na mtu aliyekuwa akiula miaka mingi katika eneo hilo hilo. Uyoga wenye kikombe kwenye kitako cha shina usichumwe na asiyefundishwa kwa makini. Aliyekula na kujisikia vibaya afikishwe hospitali mara moja, hata kama amepata nafuu, na mabaki ya uyoga yapelekwe pamoja naye.

Kuhifadhi mavuno na kulinda msitu

Uyoga mbichi hudumu siku moja au mbili tu. Hasara kubwa ya mchumaji hutokea baada ya kuchuma: unaoharibika sokoni jioni ni uyoga uliotolewa msituni bure. Kukausha ndiyo dawa. Uyoga husafishwa, mkubwa hukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa kwenye kichanja kilichoinuliwa, mbali na vumbi na mifugo, mpaka uvunjike kwa mkono. Kwa aina zenye ukali, hasa baadhi ya zile zenye maziwa, desturi ni kuchemsha kwanza na kumwaga maji. Uliokauka vizuri na kufungwa pasipopenya unyevu hukaa miezi mingi, na humwezesha muuzaji kungoja bei nzuri badala ya kukubali ya machweo.

Kilimo cha uyoga mamama ni msaada wa kweli kwa kipato na lishe, hasa karibu na miji, lakini hakichukui nafasi ya msitu. Uyoga wa mitundu na wa kichuguu hauna shamba jingine.

Kisheria, mlango wa kuulinda uko wazi. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia hifadhi ya msitu katika ardhi yake, kuunda kamati ya maliasili na kutunga sheria ndogo. Mipango mingi ya usimamizi huorodhesha mbao, mkaa na asali. Uyoga unastahili kuandikwa humo kwa jina: maeneo yake makuu yatajwe kabla ya kugawa vitalu vya mkaa, vichuguu hai vihesabiwe miongoni mwa vitu vinavyolindwa, ratiba ya moto wa mapema ipangwe, na wanawake wanaochuma wawe na viti kwenye kamati, kwa kuwa wao ndio wanaojua uyoga gani umeadimika na tangu lini. Shule nazo zina nafasi ya kuwaleta wazee kufundisha majina na alama za uyoga wa eneo husika, maana kijana asiyetambua uyoga hawezi kuona thamani yake, na msitu usioonekana kuwa na thamani hukatwa upesi.

Hesabu ya mwisho ni ya kiuchumi kama ilivyo ya kiikolojia. Mti wa mtundu uliogeuzwa mkaa huuzwa mara moja. Uliosimama huzalisha uyoga kila masika, hulisha nyuki, huzuia mmomonyoko na kuhifadhi maji ya vijito, na mwenye kuuvunia hahitaji mtaji zaidi ya kikapu na maarifa. Uvunaji endelevu wa uyoga, kwa hiyo, unaanza na uamuzi kuhusu ardhi: mti gani ubaki, kichuguu kipi kiachwe, moto uwashwe lini. Hayo yakitimizwa, mchumaji mwenye adabu ataendelea kupata mavuno yake.